Moshi wa stenlesi na kromi-6: ubadili njia ya kuchomelea, uvute moshi, au uvae helmeti yenye feni?

Kromi iliyotulia ndani ya bamba la stenlesi haiingii mapafuni. Hatari huanza tao la umeme linapowaka. Joto lake hugeuza sehemu ya chuma kuwa mvuke, mvuke hukutana na oksijeni ya hewa, na sehemu ya kromi hugeuka kuwa kromi yenye valensi sita, ambayo hapa tutaiita kromi-6. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na kiungo kinacholengwa zaidi ni mapafu. Moshi wa kuchomelea wenyewe, hata usio wa stenlesi, umo kwenye kundi hilohilo. Kromi-6 pia husababisha pumu, mzio wa ngozi, vidonda vya ngozi visivyopona haraka, na kutoboka kwa ukuta unaotenganisha matundu ya pua.

Fundi anayetafuta kinga hupewa majibu matatu yanayopingana. Mmoja humwambia aachane na vijiti vya kuchomelea ahamie TIG (elektrodi ya tangsteni, waya wa kujazia huingizwa pembeni) au MIG (waya hulishwa na mashine kupitia tochi), zote zikikingwa kwa gesi. Mwingine humwambia anunue bomba la kuvuta moshi. Wa tatu humwambia avae helmeti yenye feni, mambo yaishe. Kila jibu lina ukweli wake, na kila moja lina mahali linapoanguka. Tunayalinganisha hapa kwa vigezo vilevile.

Vipimo vya kuanzia

Nchini Marekani kikomo cha kisheria cha OSHA, mamlaka ya usalama kazini, kilichowekwa mwaka 2006, ni mikrogramu 5 za kromi-6 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa zamu ya saa 8. Kiwango cha kuanza kuchukua hatua ni nusu yake, 2.5. Taasisi ya utafiti ya nchi hiyo, NIOSH, inapendekeza 0.2 tu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umewaruhusu wachomeleaji kiwango cha mpito cha 25, lakini tangu Januari 2025 nao wako kwenye 5. Ufaransa na Uholanzi wamejiwekea 1.

Udogo wa namba hizi ni mgumu kuufikiria. Gramu moja ya kromi-6 ikisambaa sawasawa inatosha kufikisha mita za ujazo 200,000 za hewa kwenye kikomo cha 5.

Sasa angalia moshi wa vijiti vya stenlesi. Fluksi, yaani ganda la unga mgumu linalofunika kijiti, ina potasiamu na sodiamu, na metali hizi mbili huishika kromi katika hali ya valensi sita na kutengeneza kromati zinazoyeyuka kwenye maji, hivyo kwenye unyevu wa mapafu pia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kromi iliyomo kwenye moshi wa vijiti huwa ni kromi-6, wakati kwenye moshi wa MIG huwa ni sehemu ndogo. Chukua mfano wa hesabu: hewa anayopumua fundi ina miligramu 1 ya moshi kwa mita ya ujazo, na asilimia 4 ya moshi huo ni kromi-6. Hizo ni mikrogramu 40, mara nane ya kikomo. Kwa moshi uleule miligramu 1 wenye asilimia 0.3 tu ya kromi-6, kama unavyoweza kuupata kwenye MIG, ni mikrogramu 3. Macho yanaona ukungu uleule katika hali zote mbili.

Vigezo tunavyotumia

Tunaangalia mambo matano kwa kila njia: inapunguza kromi-6 kwa kiasi gani, inamlinda nani, inadai nini kila siku, inashindwa vipi, na inamfaa nani.

Kigezo cha nne ndicho tunachokitilia uzito kuliko vyote. Kromi-6 haina harufu ya kukuonya, na madhara ya mapafu huchukua miaka mingi kujitokeza. Kinga ikishindwa leo, mwili hautakwambia leo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kifaa kinakinga kiasi gani, uliza utajuaje siku kitakapoacha kukinga.

Njia ya kwanza: kubadili namna ya kuchomelea

*Inapunguza kiasi gani.* Hapa ndipo penye punguzo kubwa, kwa sababu kromi-6 haizalishwi tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya moshi, kwenye vijiti na kwenye MIG, hutoka kwenye kijiti au waya wa kujazia, si kwenye bamba. Kwenye TIG waya huingizwa pembeni mwa dimbwi la chuma kilichoyeyuka bila kubeba umeme wa tao, kwa hiyo huvukizwa kidogo sana, na hakuna fluksi. Mahali pa wazi penye hewa, TIG kwa kawaida hukaa chini ya mikrogramu 5. Kuifikisha 0.2 ni jambo jingine. Hilo lithibitishwe kwa kupima.

MIG hutoa moshi mwingi kuliko TIG, lakini kromi yake nyingi huwa ya valensi tatu, ambayo si hatari kiasi hicho. Kinachoamua matokeo ni mipangilio. MIG ya mapigo, ambayo mkondo wake hupanda na kushuka kwa mpangilio, hutoa moshi mdogo kuliko MIG ya kawaida inayorushia matone makubwa. Gesi nayo ni muhimu: kwa stenlesi tumia argoni yenye asilimia 2 hivi ya kaboni dioksidi au oksijeni. Gesi yenye asilimia 25 ya kaboni dioksidi, iliyokusudiwa chuma cha kawaida, huongeza moshi na vilevile huingiza kaboni kwenye kiungio na kudhoofisha uwezo wake wa kuzuia kutu.

Tahadhari moja: waya wenye fluksi ndani yake haumo kwenye faida hii. Unaingia kwenye mashine ileile ya MIG, lakini moshi wake ni mwingi na fluksi yake inaweza kurudisha tatizo la vijiti. Mtu aliyehama vijiti akaingia kwenye waya wa aina hii asijihesabu kuwa amebadili njia.

*Inamlinda nani.* Kila aliye karibu: fundi, msaidizi wake, anayepita na anayefagia jioni. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu inayofikia mbali hivi.

*Inadai nini kila siku.* Inadai ujuzi, muda na mahali pasipo upepo. TIG hujaza chuma polepole; kwa bamba nene fundi atakuwa juu ya kazi kwa saa nyingi zaidi, na saa hizo nazo zinahesabika kwenye wastani wa zamu. Upepo wa mita 2 kwa sekunde unatosha kupeperusha gesi ya kinga na kuacha vitundu kwenye kiungio. Kama kazi inafanywa chini ya utaratibu wa uchomeleaji uliothibitishwa, mfano kwa viwango vya ASME Sehemu ya IX au ISO 15614-1, kubadili kutoka vijiti kwenda TIG kunadai utaratibu mpya uthibitishwe na mafundi wapimwe upya. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu mapema, si baada ya mashine kununuliwa.

*Inashindwa vipi.* Mara nyingi inashindwa kwa kurudi nyuma kidogokidogo. Mashine ya TIG ipo, lakini vipande vinashikizwa kwanza kwa vijiti "kwa haraka tu". Marekebisho ya kiungio chenye kasoro yanafanywa kwa vijiti. Mtungi wa gesi sahihi umeisha, ukafungwa wa chuma cha kawaida. Baada ya miezi michache nusu ya kazi imerudi kwenye vijiti, na kwenye karatasi karakana bado inaitwa ya TIG. Dalili za kufuatilia zipo: hesabu ya pakiti za vijiti zinazotoka stoo, chapa kwenye mitungi, na cheche nyingi zinazorukia pembeni mwa kiungio cha MIG, ambazo huonyesha volti au gesi si sahihi.

Kuna hatari mbili mpya pia. Mionzi ya tao ndani ya argoni hutengeneza ozoni, gesi inayowasha koo na mapafu, na kichujio cha vumbi hakiizuii. Na elektrodi za tangsteni zenye thoriamu hutoa vumbi lenye mionzi zinaponolewa. Chagua zenye lanthanamu au seriamu.

*Inamfaa nani.* Anayefanya kazi ndani ya jengo, kwenye mabamba membamba, mabomba na vyombo vya kuhifadhia chakula au dawa, ambako ubora wa kiungio unadai TIG hata bila suala la afya. Pia karakana kubwa yenye kazi inayojirudia, inayoweza kugharimia MIG ya mapigo na mafunzo.

Njia ya pili: kuvuta moshi pale unapozaliwa

*Inapunguza kiasi gani.* Inategemea sana sentimita. Kasi ya hewa inayovutwa hushuka ghafla kadiri unavyoondoka mdomoni mwa bomba. Kwa bomba la duara lisilo na ukingo, hewa inayohitajika, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni kasi unayoitaka kwenye tao ikizidishwa na jumla ya (10 × umbali × umbali + eneo la mdomo). Tuchukue bomba la kipenyo cha milimita 160 na kasi ya kunasa ya mita 0.5 kwa sekunde, ambayo ndiyo ya chini inayokubalika kwa kuchomelea:

Mdomo ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye tao, feni ivute takribani mita za ujazo 760 kwa saa.
Ukiwa sentimita 30, takribani 1,660.
Ukiwa sentimita 40, takribani 2,900.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Feni yako inavuta 1,000 kwa saa, haibadiliki. Kwa sentimita 20 unapata kasi ya 0.66 kwenye tao, moshi unanaswa. Kwa sentimita 30 unapata 0.30, unanaswa nusunusu. Kwa sentimita 40 ni 0.17, na mtu akipita karibu tu upepo wa mwili wake unaushinda mvuto huo. Fundi anayesogeza bomba nyuma ili aone vizuri ameizima mashine huku inaunguruma. Kuongeza ukingo bapa kuzunguka mdomo wa bomba hupunguza hewa inayohitajika kwa karibu robo, na ni kipande cha bati tu.

Kuna tochi za MIG zenye kivuta moshi palepale kwenye ncha. Hizi hutatua tatizo la umbali kwa sababu mdomo unakwenda popote tao linapokwenda. Hufanya kazi vizuri kwenye viungio bapa na vya kona ya ndani. Kwenye kona ya nje moshi huponyoka pembeni. Tochi ni nzito kidogo, na mvuto ukizidishwa hunyonya gesi ya kinga, kiungio kikawa na vitundu. Fundi akiona vitundu atauzima. Mvuto urekebishwe kwa majaribio kwenye vipande vya taka hadi vitundu viishe na moshi bado unanaswa.

*Inamlinda nani.* Fundi na walio karibu, mradi hewa iliyovutwa inatupwa nje mbali na madirisha na milango. Ikirudishwa ndani, ipite kwanza kwenye kichujio cha daraja la HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana, na kichujio hicho sasa kimekuwa ghala la kromi-6: kubadilishwa kwake ni kazi ya mtu aliyevaa barakoa, na kifungwe kwenye mfuko kabla ya kuondolewa.

*Inadai nini kila siku.* Mkono wa kusogeza bomba kila baada ya sentimita 30 hivi za kiungio. Hili ndilo jambo dogo linaloamua kila kitu, na fundi anayelipwa kwa kipande hana sababu ya kulifanya. Mweke mahali ambapo kazi inamjia kwenye meza ya kugeuka, na bomba halitahitaji kusogezwa. Weka mdomo pembeni na juu kidogo ya tao, upande wa pili wa uso, ili moshi usipite puani ukielekea bombani. Zima feni za kawaida za kupoza watu zinazoelekezwa kwenye meza: zinavunja mvuto na zinapeperusha gesi. Kila wiki kagua kipimo cha shinikizo kwenye kichujio. Nchini Uingereza sheria inadai mfumo mzima ukaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau kila baada ya miezi 14.

*Inashindwa vipi.* Kelele inabaki, mvuto unaondoka. Kichujio kimejaa, bomba limetoboka kwenye kiungo, mkanda wa feni umelegea, au baada ya ukarabati wa umeme feni inazunguka kinyume. Feni ya sentrifugali, inayorusha hewa kwa mzunguko, bado huvuta kidogo ikizunguka kinyume, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini ukilinganisha na njia nyingine mbili, hii ina faida kubwa kwenye kigezo chetu: kushindwa kwake kunaonekana. Washa kirija cha moshi wa majaribio pale tao litakapokuwa, au angalia moshi wa kuchomelea wenyewe kwa taa kali iliyowekwa nyuma yake. Ukipinda kuelekea bombani, unanaswa. Ukipanda wima, haunaswi. Jaribio hili linachukua dakika moja, na linafaa kufanywa kila zamu.

Hatari ya ziada ni moto. Cheche zinazovutwa hadi kwenye kichujio chenye vumbi zinaweza kukiwasha. Weka kizuia cheche kabla ya kichujio, na usivute moshi wa stenlesi kwenye mfumo uleule unaokusanya vumbi la mbao au la alumini.

*Inamfaa nani.* Karakana yenye meza za kudumu, inayolazimika kuendelea na MIG au vijiti, na yenye watu wengi ndani ya ukumbi mmoja.

Njia ya tatu: helmeti ya kuchomelea yenye feni

Hii ni helmeti yenye kioo cha giza, iliyounganishwa kwa mpira na feni ndogo ya kiunoni inayovuta hewa ya karakana kupitia kichujio na kuisukuma usoni.

*Inapunguza kiasi gani.* OSHA huipa helmeti isiyobana uso kipimo cha ulinzi cha 25: hewa ya ndani inatarajiwa kuwa chafu mara 25 chini ya ya nje. Mtengenezaji akiwa na ushahidi wa majaribio, kipimo kinaweza kufika 1,000. Uingereza huipa daraja la TH3 kipimo cha 40 na TH2 kipimo cha 20. Kwa kulinganisha, barakoa ya nusu uso ina 10 kwa OSHA.

Rudi kwenye mikrogramu 40 za mfano wetu. Kwa barakoa ya 10, fundi anavuta 4: chini ya kikomo, juu ya kiwango cha kuchukua hatua. Kwa helmeti ya 25 anavuta 1.6. Kama lengo ni 0.2 ya NIOSH, hata helmeti hiyo haitoshi peke yake mahali penye vijiti, na hapo ndipo njia ya kwanza na ya pili zinaporudi mezani.

*Inamlinda nani.* Aliyeivaa, basi. Msaidizi anayeshika bamba, mpaka rangi wa meza ya pili na anayefagia wanaendelea kuvuta 40.

*Inadai nini kila siku.* Betri iliyochajiwa kwa zamu nzima. Kichujio cha chembe ndogo cha daraja la juu, P3 kwa Ulaya. Kipimo cha mtiririko wa hewa kabla ya kuanza: kwa helmeti isiyobana, idhini ya NIOSH inadai lita 170 kwa dakika, na watengenezaji huweka kirija chenye kigoli cha kupimia ndani ya sanduku. Kirija hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea karakana nyingi. Kifungwe kwa kamba kwenye chaja. Helmeti ifutwe kwa kitambaa chenye maji ndani na nje, isitundikwe juu ya meza ya kuchomelea, ambako vumbi hutua kwenye kitambaa cha usoni. Mwenye ndevu anaweza kuivaa hii isiyobana. Barakoa inayobana hawezi, kwa sababu ndevu huvunja mgusano wa ngozi na mpira.

*Inashindwa vipi.* Kwanza, inafunuliwa mapema. Fundi anazima tao, anainua kioo, anainama kuangalia kiungio, na moshi bado umetanda hapohapo. Aina ambayo kioo hujifanya giza chenyewe na hakihitaji kuinuliwa hupunguza kosa hili. Aina yenye dirisha la kuinua kwa ndani huku uso ukibaki umefunikwa hulipunguza pia. Pili, inavuliwa wakati wa kugonga mavi ya chuma na kusaga kwa grinda, kazi zinazorusha tena vumbi lilelile. Tatu, betri inazeeka na mtiririko unapungua pole pole kwa wiki nyingi, na mvaaji anazoea. Kengele ya mtiririko mdogo ni sifa ya kudai kabla ya kununua.

Kosa linaloweza kuua siku hiyohiyo ni kuidhania kuwa inaleta oksijeni. Haileti. Inachuja tu hewa iliyopo. Ndani ya tangi, argoni, ambayo ni nzito kuliko hewa, hujaa chini na kuisukuma oksijeni nje. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5, helmeti yenye feni haina msaada wowote. Panahitajika hewa safi ya bomba kutoka nje.

*Inamfaa nani.* Anayehamahama, anayechomelea juu ya paa au kwenye kiunzi ambako bomba la kuvuta halifiki, na anayefanya stenlesi kwa siku chache. Kanuni ya OSHA yenyewe inatambua hali hiyo: pale ambapo kazi haimweki mfanyakazi juu ya kikomo kwa siku 30 au zaidi kwa mwaka, sharti la kuweka kwanza mifumo ya kihandisi haliwi la lazima, na kinga ya upumuaji inaruhusiwa kubeba mzigo. Kwa kazi ya kila siku, mpangilio wa kisheria ni kinyume chake: punguza moshi kwanza, vaa helmeti kwa kilichobaki.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Usifagie kwa ufagio mkavu wala kupuliza vumbi kwa hewa ya kompresa. Tumia kifyonza vumbi chenye HEPA au futa kwa maji. Nguo za kazi zisiende nyumbani. Watoto hawana sababu ya kuvuta vumbi hilo. Mikono na uso vioshwe kabla ya kula, kunywa au kuvuta sigara. Bamba au nguzo yenye rangi ya msingi ya zinki kromati au ya njano ya kromati ya risasi isichomelewe wala kusagwa kabla rangi haijaondolewa sentimita kadhaa kila upande, kwa njia isiyorusha vumbi. Hapo kromi-6 imo tayari kwenye rangi, hata kama chuma chenyewe si stenlesi.

Kupima hewa hakuna mbadala. Pampu ndogo ya lita 2 kwa dakika hufungwa kiunoni, na kichujio cha PVC cha tundu za mikroni 5 huwekwa ndani ya kofia, karibu na pua, kwa zamu nzima. Kama helmeti ni ya feni, kichujio kiwe nje yake ili kijue uchafu halisi wa karakana. Sampuli za moshi wa kuchomelea zifike maabara upesi, maana kromi-6 iliyo kwenye kichujio hugeuka kidogokidogo kuwa ya valensi tatu na jibu likaonekana zuri kuliko ukweli. Njia ya OSHA inadai zichambuliwe ndani ya siku 8. Pima siku ya kazi mbaya zaidi, yenye vijiti vingi na milango iliyofungwa.

Uchague lipi kwa hali gani

*Mabamba membamba, ndani ya jengo, mtu mmoja au wawili.* Anza na TIG. Ongeza bomba dogo la kuvuta kwa ajili ya ozoni. Helmeti ya feni ibaki kwa siku za marekebisho ya vijiti.

*Ukumbi wenye mafundi wengi na mabamba mazito.* MIG ya mapigo pamoja na tochi yenye kivuta moshi. TIG kwa pasi ya kwanza ya kiungio, MIG kwa kujaza. Kisha pima, kama kuna wanaobaki juu ya 2.5, hao wapewe helmeti.

*Mteja amelazimisha vijiti kwenye utaratibu wake ulioidhinishwa.* Vuta moshi na uvae helmeti, vyote viwili tangu siku ya kwanza. Tumia mkondo wa chini katika kiwango kilichoidhinishwa na tao fupi. Tao refu huongeza moshi. Wakati huohuo ulizia kama utaratibu wa pili unaweza kuthibitishwa, kwa sababu kazi ya miezi mingi italipia gharama hiyo.

*Kazi ya nje, upepo unavuma.* Helmeti yenye feni. Simama upepo ukikupiga ubavuni, si mgongoni: upepo wa mgongoni hutengeneza mzunguko wa hewa mbele ya kifua unaovuta moshi hadi usoni. Msaidizi akae upande upepo unakotoka.

*Siku tatu za ukarabati kwa mwaka.* Helmeti ya kukodi au ya kuazima, yenye kichujio kipya na mtiririko uliopimwa, na wasiohusika waondolewe eneo hilo.

*Bajeti inatosha kitu kimoja tu.* Hesabu watu walio ndani ya ukumbi. Akiwa fundi peke yake, helmeti inaweza kutangulia. Wakiwepo wengine wasiovaa chochote, fedha hiyo iende kwenye bomba la kuvuta au mashine ya TIG, na ukingo wa bati uwekwe mdomoni mwa bomba siku hiyohiyo.

*Ndani ya tangi, bomba kubwa au chumba kisicho na dirisha.* Hakuna njia kati ya hizi tatu inayotosha peke yake, TIG ikiwemo. Vuta moshi kutoka ndani, ingiza hewa safi kwa feni nyingine, vaa kifaa kinacholetewa hewa kwa bomba, pima oksijeni kabla ya kuingia na muda wote wa kazi, mtungi ubaki nje muda wote, tochi itolewe nje wakati wa mapumziko, na mtu mmoja akae mlangoni bila kazi nyingine yoyote.